Keki ya ghorofa nne ufukweni Kigamboni, mwezi wa Februari: fundi friji anatoa alama

Nianze na alama, mwenye haraka asichoke bure: nane kati ya kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya fondanti, lile vazi la sukari la nje ya keki, moja kwa ajili ya simu. Mengine yote nililipia na nikaridhika, ingawa siku naambiwa bei niliuliza swali ambalo baadaye lilinirudia.

Jina la fundi mwenyewe sitalitaja, aliniomba hivyo. Anaoka keki za harusi mbili tu kwa wiki, nyumbani kwake Tabata, na anasema akitangazwa watakuja watu asioweza kuwahudumia, halafu watamsema. Nitamwita fundi keki. Mwenye kumhitaji aulize kwenye kamati za harusi za Tabata na Segerea, atampata.

Mimi ni fundi friji. Majokofu, viyoyozi, vyumba vya baridi vya mabucha, hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka zaidi ya 30, tangu nikiwa kijana pale Tanga. Keki nilikuwa nazijua kwa kuzila tu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipochumbiwa tukaunda kamati kama kawaida, kadi za michango zikatoka, kazi zikagawanywa. Nilitarajia kupewa vinywaji. Mwenyekiti akasema: "Harusi ni ya bichi, keki itayeyuka. Keki inataka baridi, na baridi ni ya mjomba. Ajenda inayofuata." Hapo ndipo mzee wa miaka 58, Mbondei wa Muheza, nikajikuta mkuu wa kitengo cha keki.

Hofu ya mwenyekiti haikuwa ya bure. Desemba iliyotangulia tulihudhuria harusi nyingine, nayo ya bustanini, upande wa Mbezi. Aliyeoka simtaji. Saa 9 alasiri keki ilikuwa imesimama vizuri, nyeupe, ina maua. Saa 11 ghorofa ya juu ikaanza kuinama taratibu kama mzee anayesinzia barazani. Saa 12 krimu ilikuwa imeteremka hadi kwenye kitambaa cha meza, na mjomba wa bwana harusi akasimama nyuma ya keki akiishikilia kwa kiganja mpaka wapiga picha wamalize. Ukiifungua ile albamu utauona mkono usio na mwenyewe.

Harusi yetu ilikuwa Jumamosi ya tarehe 8 Februari 2025. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa kupishana siku chache tu, mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo kila mwenye mchumba, Mwislamu kwa Mkristo, alitaka kumaliza shughuli Januari au Februari. Kumbi zilijaa. Mpwa wangu akafurahi, maana toka mwanzo alikuwa anautaka ufukwe. Sasa Februari ya Dar es Salaam mnaijua: mchana nyuzi 32, 33, na usiku haiteremki sana chini ya 25. Unatoka kuoga na jasho linakusubiri mlangoni.

Nilipofika Tabata mara ya kwanza nilipokelewa na "Shikamoo mjomba", nikaketishwa, nikapewa maji. Nilidhani ataniuliza rangi. Hakuuliza rangi. Aliuliza ibada inaisha saa ngapi, sherehe inaanza saa ngapi, keki itakatwa saa ngapi. Akauliza jua la alasiri linatokea upande gani wa turubai. Akauliza kama kuna chumba chenye kiyoyozi karibu, na kutoka chumbani hadi mezani ni hatua ngapi, na njia ina mchanga au imesakafiwa. Nikasema moyoni, huyu ni fundi mwenzangu. Fundi wa kweli akija kukufungia kiyoyozi haanzi na mashine, anaanza na chumba.

Mpwa wangu akatoa simu akamwonyesha picha: keki ya ghorofa tano, imepakwa krimu laini ya maziwa, ina waridi mabichi kutoka juu hadi chini. Fundi keki akaitazama kwa muda, akamrudishia simu yake. "Nzuri sana. Hii imepigwa picha ndani ya nyumba, tena nchi ya baridi. Ufukweni mwezi wa pili siifanyi." Binti akanuna. Mimi nikafurahi, maana mtu anayekataa hela ya mteja mbele yake ana kitu anakijua.

Alituelezea bila haraka. Krimu ya maziwa lazima ikae kwenye baridi, kwa sababu ya umbo na kwa sababu ya matumbo ya wageni: kitu chenye maziwa hakikai nje zaidi ya saa mbili, na hewa ikipita nyuzi 32, ni saa moja tu. Krimu ya siagi ina nafuu kidogo, ila siagi inaanza kulegea kwenye nyuzi 20 tu, na ikifika thelathini na kitu inarudi kuwa mafuta. Wapo wanaobadilisha siagi kwa mafuta magumu ya mimea. Hayo yanavumilia joto, lakini yanaganda kwenye kaakaa la mdomo, ukimaliza kula unahisi umetafuna mshumaa. Nilicheka, kwa sababu nimewahi kula keki ya namna hiyo nikadhani tatizo ni meno yangu.

Yeye alipendekeza ganashi ya chokoleti nyeusi, sehemu mbili za chokoleti kwa sehemu moja ya krimu, kwa kupima kwenye mizani. Inapakwa ya uvuguvugu, ikipoa inakuwa ukuta. Juu ya ukuta huo inakuja fondanti, ambayo kwa lugha yangu mimi ni sukari iliyokandwa na kusukumwa kama chapati, ikavishwa keki yote. Fondanti inazuia keki isikauke, na haijali joto. Inajali kitu kingine, nitakifikia.

Ghorofa zikawa nne. Ya chini kabisa keki ya matunda, zabibu kavu na maganda ya machungwa, aina ile ambayo hata ikikaa wiki haina neno. Ya pili vanila. Ya tatu na ya nne, povu. Namaanisha lile povu jeupe gumu linalokuja na televisheni mpya, limekatwa duara na kuvishwa fondanti.

Hapo ndipo kamati ilipopasuka. Dada yangu, mama wa bibi harusi, alisimama kwenye kikao akauliza: "Yaani nialike watu 250, nivae kitenge changu cha laki mbili, niwakatie boksi la televisheni?" Nusu saa nzima. Kuna aliyesema ni uongo mbele ya madhabahu. Ikabidi nieleze nilivyoelezwa: keki huanguka kwa uzito wake yenyewe. Ghorofa ya juu inaikandamiza ya chini, na ya chini ikilegea kwa joto, vile vijiti vinavyochomekwa ndani yake kubeba bodi ya ghorofa ya juu vinaanza kuhama. Ukiweka povu juu, hakuna mzigo. Na hao watu 250 hawakatiwi ile ya mbele hata siku moja. Wanakula keki za trei zilizookwa kwa mchanganyiko uleule, zinakatwa vipande jikoni. Keki ya mbele ni ya picha, ya maharusi kulishana, na ya kuwalisha wazazi. Keki mbili ndogo za kuwapelekea wazazi wa pande zote zinakaa kwenye boksi lao. Dada yangu akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba upande wa pili wasiambiwe.

Upande wa pili ni Wachaga wa Marangu. Wao waliuliza swali moja tu, kama ndafu itakuwepo. Na mimi nikiwa mtaalamu wa keki wa kulazimishwa, naomba niseme ukweli: ndafu ndiyo keki sahihi ya Februari. Mbuzi mzima, amechomwa, amesimama kwenye meza yake na majani mdomoni, hahitaji ganashi wala vijiti.

Bei. Laki tisa na nusu, ikiwa na trei, keki za wazazi, usafiri na yeye mwenyewe kuwepo. Bajeti ya kamati ilikuwa laki sita. Ndipo nikamwambia fundi keki lile neno langu: "Dada, si ni unga na mayai tu?" Hakunijibu. Alinitazama, akaniongezea maji kwenye glasi. Tukalipa laki tisa na nusu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifedhehesha, na ndilo lililonifanya niandike haya. Nilikwenda kwake mara ya pili na mipango miwili ya kitaalamu. Wa kwanza, kuazima lile boksi kubwa la samaki la jamaa yangu pale Feri, lijazwe barafu, keki isafiri humo. Akakataa kabla sijamaliza sentensi. Siagi na chokoleti hunyonya harufu, na boksi la Feri hata ulioshe kwa ndimu mwezi mzima halisahau kibua. Sawa. Wa pili nikautoa kwa kujiamini: nitaleta friza yangu ya dukani ufukweni, keki ilale humo, itolewe dakika ya mwisho ikiwa ya baridi kabisa, ianze kupambana na joto ikiwa na akiba.

"Mjomba, ukitoa soda kwenye friji ukaiweka mezani hapa Dar, inafanyaje?"

"Inatoka jasho."

"Basi."

Nilinyamaza. Hili nimelijua tangu ujanani. Ndiyo maana mabomba ya viyoyozi yanavishwa sponji nyeusi, ndiyo maana kila kiyoyozi kina kabomba ka kutolea maji. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi inaacha maji. Siku ile kwake nje kipimo changu kilisoma nyuzi 32 na unyevu asilimia 68, na kwa hewa ya namna hiyo kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 25 hivi kitalowa. Keki iliyotoka kwenye friza ingelowa papo hapo, na fondanti ni sukari. Sukari ikinyonya maji inanata, inang'aa kama uso uliopakwa mafuta, rangi zinachuruzika, maua ya sukari yanainamisha vichwa. Miaka 30 napambana na umande kwenye mabomba, sijawahi kufikiri kwamba keki nayo ni bomba.

Dawa yake ni ubaridi wa kiasi, na subira. Keki inakaa ndani ya boksi lake lililofungwa, chumbani, kiyoyozi kikiwa nyuzi 23. Saa mbili kabla ya kutoka, kiyoyozi kinazimwa na boksi halifunguliwi. Joto linapanda polepole, na unyevu ukitaka kushika kitu utashika boksi. Keki ikifunguliwa ina joto linalokaribiana na la nje, na haitoki jasho. Mtu mwingine angesema keki hiyo haijapozwa. Mimi na yeye tunajua imepozwa na ikarudishwa.

Wiki moja kabla ya harusi alikuja Kigamboni kukagua, saa 10 alasiri kamili, kwa sababu ndiyo saa ambayo sherehe ingeanza. Hapo nikatoa kipimo changu. Chini ya turubai jeupe la mapambo, nyuzi 36, kwa kuwa turubai linakaa na hewa moto chini yake kama sufuria iliyofunikwa. Chini ya mkungu mkubwa uliokuwa hatua 20 kutoka hapo, nyuzi 31. Nyuzi tano nzima, kwa mti tu! Fundi keki akasema meza ya keki itakaa chini ya mkungu. Mpambaji akasema haiwezekani, mpango wake umeshachorwa, keki iko katikati ya turubai upande wa bahari, jua likizama nyuma yake. Ikabidi mimi ndiye nimweleze, kwa upole, kwamba bahari yetu iko mashariki. Jua linazama upande wa Mbagala. Hiyo picha ya jua kutumbukia baharini watu wanaitoa kwenye kalenda za nchi nyingine. Na kibaya zaidi, jua la alasiri lingeingia chini ya ukingo wa turubai kutoka nchi kavu, likapiga keki kifuani. Mpambaji akahamisha meza. Pazia lake la maua akaliweka upande wa upepo, maana kaskazi ya Februari inavuma kutoka baharini na mchanga wake, na hakuna anayetaka keki inayotafunika kama dagaa wasiooshwa.

Siku yenyewe. Waliondoka Tabata saa 12 asubuhi, jua halijakomaa, wakapita Barabara ya Mandela hadi Kurasini na Daraja la Nyerere. Kupita kwa pantoni fundi keki alikataa: ukikuta foleni pale Feri unakaa juani na hujui utavuka saa ngapi, darajani unalipa na kupita. Gari lilikuwa Noah, viti vya nyuma vimekunjwa, sakafu imetandikwa ule mpira wa vitundu unaozuia zulia kuteleza, kiyoyozi kimewashwa dakika 20 kabla keki haijapakiwa. Kila ghorofa ilisafiri peke yake kwenye boksi lake. Msaidizi alikaa nyuma na mabega yake yamezuia maboksi, na kwenye zile njia za vumbi za kushukia ufukweni dereva alikwenda mwendo wa jeneza. Saa 1 na nusu tulikuwa tumeshapandisha ghorofa chumbani, kiyoyozi nyuzi 23, mapazia yamefungwa.

Saa 6 mchana umeme ukakatika.

Hapa naomba nijisifu, kwa sababu ndiyo sehemu yangu. Wengi wanaleta kajenereta kadogo ka kuwasha taa na spika, wakidhani katabeba kiyoyozi. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kikishazunguka kinakula kilowati moja na kitu, lakini kwa ile sekunde ya kuanza kinavuta mara kadhaa ya hapo, na jenereta dogo linazima. Mimi nilikuja na la kVA 5. Hadi nimeliwasha na kubadilisha nyaya, dakika 25 zilikuwa zimepita na chumba kilikuwa kimefika nyuzi 26. Fundi keki alikaa kwenye kiti mlangoni, hakumruhusu mtu afungue. Bibi harusi mwenyewe alitaka kuingia kuiona keki akakataliwa.

Mambo madogo nayo aliyawaza. Miguu ya meza iliwekwa kwenye bakuli nne za maji, kama bibi zetu walivyokuwa wakiweka kabati la chakula, sisimizi wakaja wakaishia ukingoni. Kwa nzi tulihitaji kitu kirefu kuliko kawa, mwanakamati mmoja akakimbia kuleta chandarua. Fundi keki akakinusa, akakirudisha. Kilikuwa kile cha kugawiwa, chenye dawa ya kuua mbu. Akatoa chake cha neti tupu. Kuna mtu mwingine akaleta feni akaielekeza kwenye keki. Nikamwambia aielekeze kwa wazee. Feni inampoza mtu kwa sababu mtu anatoka jasho, na kazi yote tuliyofanya tangu asubuhi ilikuwa keki isitoke.

Tatizo la mwisho lilikuwa mshereheshaji. Yeye keki huikata saa 3 usiku, baada ya muziki kuchangamka, ndivyo alivyozoea. Fundi keki alikuwa ameandika kwenye makubaliano kwamba keki haitakaa nje zaidi ya saa mbili. Walivutana nyuma ya spika, mmoja anasema ratiba ni yangu, mwingine anasema keki ni yangu. Mwishowe mshereheshaji akaona fursa: badala ya keki kuwepo mezani tangu mwanzo, itaingia. Saa 11 kamili matarumbeta yakapiga, kaka wanne wa bibi harusi wakatokea chumbani wameibeba keki kwenye ubao wenye mishikio, shangazi wakaitangulia wakicheza. Fundi keki alitembea pembeni, mikono imenyooshwa, anapumua kwa mdomo. Pale nikaelewa faida nyingine ya povu: kingekuwa kitu kizito hadi juu, hatua ya tatu tu kwenye mchanga kingetuangukia. Ilipotua chini ya mkungu nikailenga kwa kipimo. Fondanti nyuzi 27, kavu, haina tone.

Ikakatwa saa 12 na robo, jua likiwa bado kwenye minazi. Hakuna aliyeishika kwa nyuma. Upande wa pili hawakujua habari za povu, isipokuwa baba mkwe, ambaye aliigonga ghorofa ya juu kwa ukucha, akasikia, akanitazama, akanikonyeza.

Ladha: ile ya matunda ndiyo bora, ina unyevu, ina harufu ya mdalasini na ganda la chungwa, na nilirudia. Vanila ilikuwa nzuri, chokoleti ya ganashi ikiwa laini kidogo kwa ajili ya joto, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa faida. Vipande vya trei vilifika kwa wageni vikiwa vibichi, kwa sababu vilikatwa mwisho kabisa na kila trei ilifunikwa hadi dakika ya kuondoka jikoni.

Fondanti ndiyo iliyokula alama yake. Ni nene mno. Niliwatazama wageni wa meza kuu, na karibu wote waliibandua kama ganda la embe wakaiacha kando ya sahani. Nilimwambia. Akasema kwa harusi ya nje hawezi kuipunguza, ikiwa nyembamba inapasuka kwenye kona wakati wa kubebwa. Inawezekana ana haki, ila mimi nilikuwa mlaji, na mlaji hasikii habari za kona.

Alama ya simu. Huyu dada hajibu ujumbe mchana. Anajibu saa 6 usiku, tena kwa sauti, dakika nne nzima, na nyuma unasikia mashine ya kuchapa mayai. Siku tatu kabla ya harusi alinyamaza kutwa nzima. Mwenyekiti ananipigia kila saa, dada yangu analia, mimi nikapanda daladala hadi Tabata. Nilimkuta amelala kwenye kochi na aproni yake, alikuwa ameoka usiku kucha. Namwelewa, lakini mtu aliyetanguliza laki tano anastahili hata alama ya tiki. Na stendi ya keki unairudisha mwenyewe, kwa dhamana ya elfu hamsini, akikuta imekwaruzwa anakata.

Niliirudisha Jumanne. Akaikagua chini ya taa, akanirudishia elfu hamsini zangu zote, tukaagana.

Wiki mbili baadaye simu ikaita, mchana, nikashangaa. "Shikamoo mjomba. Friji langu la kazi linajaa maji chini, na barafu imeota pembeni." Nikaenda na begi langu. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka na kupasuka upande wa bawaba, hewa ya Februari inaingia usiku na mchana na kuacha maji yake humo ndani. Nikampimia, nikamweleza mpira nautoa wapi, nikamtajia bei na ufundi.

Akanitazama, akaniongezea maji kwenye glasi.

"Mjomba," akasema, "si ni mpira tu?"